Sumu Ambayo Haikuwepo

Mariamu wangu,

Umetoka kwenda mtaa wa Gitega kuaga wenzako, na mimi nimebaki na cherehani yangu na redio ya jirani. Sitakuandikia habari ya kufua wala ya kulala mapema. Hayo umeyasikia kwangu tangu hujaota meno, na kama hayajakuingia hadi leo, karatasi haitayaingiza. Nakuandikia kwa sababu Jumapili, tukiwa tunakula, ulinikazia macho ukaniuliza: "Mama, shangazi amekwisha badilika. Kwa nini humsamehe?" Nikakuongezea chakula badala ya kukujibu. Kesho unavuka mpaka wa Rusumo kwenda Mwanza kusoma, na sitaki uvuke na swali hilo kichwani.

Jibu fupi ni kwamba sitaki. Jibu refu ndilo hili.

Baba yako unamkumbuka kwa vipande, kwa kuwa ulikuwa na miaka tisa alipofariki. Mimi namkumbuka mzima. Dewo alikuwa fundi wa vigae, na hakuna aliyepanga vigae Kigali hii kama yeye. Alikuwa akipiga magoti, anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasema, "Hapa pana hewa chini," na anapong'oa kigae kile anakuta pana hewa kweli. Alikuwa Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, mimi Mwislamu wa Biryogo niliyezaliwa uchochoro wa nyuma ya msikiti. Ndugu zake walinitazama kama watu wanavyotazama nguo ya kuazima: mradi ikae, lakini si ya kwao. Aliyenitazama vibaya kuliko wote ni dada yake mkubwa, wifi yangu Spesiyoza, ambaye wewe unamwita shangazi na yeye anakuita Mariya kwa sababu Mariamu linamkwama kooni.

Ugonjwa wa baba yako ulianza kwa uchovu. Mtu aliyekuwa akinyanyua maboksi mawili ya vigae begani akaanza kupumzika baada ya ngazi tatu. Nikadhani ni kazi. Akaanza kuchukia harufu ya mafuta yakiungwa kitunguu. Nikadhani ni malaria, nikamnunulia dawa za malaria. Jumamosi alikwenda kunywa urwagwa na mafundi wenzake, akarudi na tumbo linalomuuma upande wa kulia, chini ya mbavu, nikamkaripia kwa pombe na kumpikia uji. Ini, mwanangu, ni kiungo chenye subira mbaya. Linaumwa miaka na miaka pasipo kulalamika, na siku litakapolia, huwa limebaki kidogo. Nilikuja kuujua ukweli huo siku niliyomgeuza Dewo kwenye mwanga wa dirisha nikaona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya ndizi mbivu.

Kituo cha afya wakatupeleka hospitali. Wakampima damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, anasema polepole, akituangalia sisi wawili na si karatasi zake. Akasema: "Ni homa ya ini, ile ya aina ya B. Umekaa nayo miaka mingi, baba. Pengine uliipata siku uliyozaliwa, kwa damu ya mama yako, naye bila kujua. Ini limejaa makovu."

Dewo akauliza, "Itapona?"

"Kuna kidonge cha kila siku. Hakiwafukuzi wale virusi, ila kinawalaza. Ungekuja mapema kingekusaidia zaidi. Lakini tuanze." Kisha akanigeukia mimi. "Damu inayopita kwenye ini imepata njia ngumu, kwa hiyo mishipa ya kooni imevimba. Pombe, basi. Dawa za kienyeji, basi. Na mtu yeyote asimpe kitu cha kumtapisha. Mishipa ile ikipasuka, hatutamwahi."

Niliyashika maneno yale kama sura ya Kurani.

Tulipotoka nje, Dewo alisimama penye kivuli cha ukuta akanishika mkono. "Hadija, usimwambie mtu jina la ugonjwa huu. Watasema niliuokota kwa wanawake." Na ni kweli unapita hata kwa kulala na mtu, kama unavyopita kwa wembe na sindano na uzazi. Nikamwambia, "Nani atajua?" Tukakubaliana kuwaambia watu ana vidonda vya tumbo. Nilidhani namstiri mume wangu. Kumbe niliacha nafasi tupu, na nafasi tupu kwenye habari ya ugonjwa haikai siku mbili, mtu anakuja kuijaza. Spesiyoza aliijaza.

Yeye alikuja akamwona kaka yake amekonda mabega huku tumbo limejaa kama la mjamzito. Akaniangalia mimi, akaangalia sufuria zangu. Siku ya pili yake nilikwenda Nyamirambo kumvalisha bibi harusi gauni nililomshonea. Niliporudi nikakukuta umekaa kizingitini unamenya karanga.

"Baba yuko wapi?"

"Shangazi amempeleka kwa daktari."

"Daktari gani?"

"Daktari wa kutapisha sumu."

Mariamu, karanga zile ulizokuwa nazo mapajani nilizikanyaga nikipita. Nilimpigia simu Spesiyoza hakupokea. Nikapiga tena na tena, nikiwa nimesimama barabarani sijui nielekee wapi, madereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, wananiita, mama twende, na mimi sina mahali pa kuwatajia. Mwisho akapokea yeye mwenyewe. Alikuwa anahema. Akasema neno moja tu: "Njoo." Akanitajia hospitali.

Nilimkuta Dewo kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, mlango wa hospitali uko hatua chache. Kitenge cha Spesiyoza kilikuwa kimemfunika kifuani, na kitenge kile kilikuwa kizito. Kule pembeni ya mji alikopelekwa, hana nguvu ya kubishana na dada yake, mama mmoja mtapishaji alimnywesha majani, akatapika mara ya kwanza kitu cheusi, wote wakafurahi kwamba sumu inatoka. Wakamnywesha tena. Mara ya pili ilitoka nyekundu. Nilimshika baba yako kichwa. Alitaka kuniambia jambo, lakini mdomo wake haukuwa na nafasi ya maneno. Walipomshusha kwenye machela alikuwa amekwisha ondoka.

Sasa sikiliza alichofanya mtu unayetaka nimsamehe.

Siku ya mazishi, watu wamekaa uani kwetu, masista wamekuja, masheikh wa mtaa wamekuja, Spesiyoza akasimama kwa machozi ya kweli. Siyakatai machozi yake, alimpenda kaka yake. Akasema: "Kaka yangu alikuwa mzima wa afya. Alipooa hapa Biryogo ndipo alianza kukauka. Mimi nimeiona ile sumu ikitoka kwake kwa macho yangu, nyeusi kama lami. Kila mtu atafute mwenyewe nani anamupikiaga chakula."

Hakunitaja jina. Hakuwa na haja. Nilikuwa nimewagawia watu chai, na niliona vikombe vinashushwa chini mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa adabu, kama watu wanaoweka vitu msikitini. Hakuna aliyemalizia. Baadaye daktari alinieleza kwamba ile lami ilikuwa damu. Damu ikikaa tumboni hugeuka nyeusi. Mishipa ilikwisha kuanza kuvuja, na wao wakaishangilia wakaongeza majani. Sumu haikuwepo. Ilikuwepo damu ya mume wangu, ikamwagwa na dada yake, kisha akaja kunipaka mimi.

Bibi harusi wa Nyamirambo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa mwisho kwa muda mrefu. Watu hawataki nguo iliyoshonwa na mlozi igusane na ngozi yao. Niliyavumilia hayo. Kuna moja sikuweza kulivumilia, na sijui kama unalikumbuka. Juma lile baada ya mazishi, nilikupakulia wali na maharage, ukarudisha sahani katikati ya mkeka. Nikasema kula mama, ukatikisa kichwa. Asubuhi hukunywa chai. Mchana nikakufuata kwa jirani nikakuta unakula viazi kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka jela. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, na hukuwa na ubaya wowote usoni: "Shangazi amesema nisile kwako, nitavimba tumbo kama baba."

Sikukupiga. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikauma upindo wa kanga yangu ili usisikie. Nilipotoka mle nilikuwa mtu mwingine. Mume nilikuwa nimempoteza kwa Mungu, nikijitahidi kuamini hivyo. Lakini mwanangu kuogopa mkono wangu, hilo halikutoka kwa Mungu, lilitoka soko la Kimironko, kwenye kibanda cha vitenge cha mwanamke mmoja.

Wiki zile ndipo hospitali waliponiita kwamba mimi na wewe tupimwe. Wewe ulikuwa salama, kwa kuwa ulichanjwa ukiwa mchanga pamoja na zile chanjo zote za watoto, na mimi kwa rehema tu nilikuwa salama pia. Nikachanjwa mara tatu kwa kupishana miezi. Yule daktari akaniuliza, "Marehemu ana ndugu wa tumbo moja?"

"Ana dada."

"Mwambie aje apimwe. Kama mama yao alikuwa nayo, huenda na yeye anayo. Anaweza kuonekana mzima kabisa."

Mariamu, nilitoka pale nikiwa natabasamu. Usinifikirie vizuri kuliko nilivyo. Nilitembea kutoka hospitali hadi Biryogo kwa miguu nikiona raha, nikisema moyoni: inakula kimyakimya, inakula huku anauza vitenge, wacha ile. Kilichonizuia hakikuwa huruma. Nilikuwa nimeshika ufunguo mlangoni nikawaza: akifa Spesiyoza tumbo limevimba, macho ya manjano, watasema nani amemlisha? Watasema mimi. Atakufa akiwa na haki, na mimi nitazeeka nikiwa mlozi wa watu wawili. Kifo chake kisingenitosha. Nilimtaka hai, na nilimtaka aseme.

Nikasubiri siku ya soko kujaa. Nikavaa gauni langu la bluu, lile alilolipenda baba yako, nikapanda moto hadi Kimironko. Unalijua soko lile wakati wa mchana, upande wa vitenge na mafundi, huwezi kugeuka pasipo kumgusa mtu. Spesiyoza alikuwa anampimia mteja kitambaa. Aliponiona, mita ikamponyoka mkononi.

Nikasema kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya: "Wifi, umesema nimemlisha kaka yako sumu."

"Toka kwa kibanda yangu."

"Sitoki. Kaka yako alikuwa na homa ya ini. Daktari anasema aliipata kwa mama yenu, na kama ni hivyo, wewe pia unayo. Twende tukapime damu yako sasa hivi. Ikiwa safi, nitarudi hapa nipige magoti mbele ya watu hawa wote niseme mimi ni mlozi, mnifanye mnavyotaka. Ikiwa na ugonjwa wa Dewo, utasimama wewe useme kilichomuua."

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kuuza. Mmoja, anayeshona kola za mashati, akasema, "Mama Klarisa, si uende tu? Kama uko safi unaogopa nini?" Klarisa, unajua, ndiye binti yake. Mwingine akasema, "Nenda umuaibishe." Niliwajua watu wale, hawakuwa upande wangu. Walitaka kuona nikipiga magoti.

Na Spesiyoza ni mtu wa kiburi, Mungu ambariki kwa kiburi kile, maana ndicho kilichomfikisha. Akachukua mkoba wake. "Mimi siko mgonjwa hata kidogo," akasema. "Twende."

Muuguzi aliyetupokea kituo cha afya alitaka kumpa majibu peke yake, kama ilivyo sheria yao. Spesiyoza akakataa. "Aingie! Nataka asikie na masikio yake." Nikaingia nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Muuguzi akaeleza polepole, kama yule daktari. Anayo. Aina ya B, ileile. Itabidi aende hospitali wampime ini, waone limefika wapi, waone kama aanze vidonge.

Spesiyoza akaruka kama aliyechomwa. "Ameniroga na mimi! Si munaona? Ameniroga na mimi!"

Muuguzi hakupandisha sauti. "Mama, mara ya mwisho kula kwake ni lini?"

"Kwake? Mimi? Sijawahi kula kwake! Tangu kaka yangu amuoe, sijakunywa hata maji kwake!"

"Hata maji?"

"Hata maji. Naapa kwa Bikira Mariya."

Yule muuguzi akamwacha ayasikie maneno yake mwenyewe. Halafu akauliza, "Sasa alikuroga na nini?"

Nimewahi kuvaa dhahabu ya kuazima siku ya ndoa yangu, na nimewahi kukushika wewe ukiwa bado una damu ya uzazi. Sijui niiweke wapi raha ya dakika ile kati ya hizo mbili. Miaka yote aliyosukuma glasi yangu ya maji pembeni ili anidharau, ndiyo iliyosimama ikanitetea. Spesiyoza akashusha mkoba wake chini. Akakaa. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo Dewo…" na hakumaliza, kwa sababu aliyempeleka Dewo kutapika ni yeye, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaiona ile damu kwa rangi yake.

Hapo mtu mwema angemshika mkono. Mimi nilisema, "Soko linatungoja."

Hakurudi sokoni siku ile, wala siku iliyofuata. Alipofungua tena, alifungua kama mtu ambaye hakuahidi kitu. Nikaanza kwenda. Kila siku nikimaliza kazi kidogo niliyokuwa nayo, napanda moto, nasimama mbele ya kibanda chake, sisemi neno. Watu wananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nasema, "Namngoja wifi yangu aseme." Wateja wake wakaanza kuuliza aseme nini. Alinitumia mtu kuniomba niache, nikamwambia yule mtu amjibu kwamba miguu yangu bado haijachoka. Klarisa alikuja analia, "Mama mdogo, utamuua." Nikamjibu, "Simuui. Anakunywa vidonge vyake? Basi hafi. Na wewe, umepimwa?" Alikuwa hajapimwa. Nikamkokota Klarisa pia, na yeye akakutwa nayo. Usidhani nilimpeleka kwa upendo. Nilitaka jina la ule ugonjwa litajwe kwenye kila chumba cha nyumba ile.

Spesiyoza alisema siku ya misa ya mwaka mmoja wa baba yako. Baada ya ibada watu wamekusanyika nyumbani kwake, mimi na wewe tumekaa nyuma. Akasimama. Alikuwa amepungua, lakini macho yake yalikuwa meupe, dawa zilikuwa zinafanya kazi. Akasema: "Kaka yangu hakupewa sumu na mtu. Iko ugonjwa wa ini kwa familia yetu. Mimi niko nayo, na dawa nakunywa. Hadija hana kosa. Mwenye alimupeleka kutapika ni miye." Akakaa. Mzee mmoja akakohoa. Wewe ulinishika kidole.

Nilidhani moyo utapoa. Watu walirudi na vitambaa vyao, wengine wakijifanya walikuwa safarini muda wote huo. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi kwenye sahani yangu zamani, bila kuomba radhi, kama watoto wanavyorudi. Lakini moyo haukupoa. Nilikuwa nimengoja maneno yale mwaka mzima, na yalipokuja niliona ni maneno tu, na kiti cha Dewo kilikuwa kitupu vilevile. Mwaka ule wote niliopaswa kumlilia mume wangu nikautumia kusimama sokoni. Yule mama mtapishaji nilimtafuta, nikaambiwa amehama. Nikisikia yuko mahali, nitakwenda na viongozi wa mtaa mpaka mlangoni kwake, hata niwe natembelea fimbo.

Kisha mwezi uliopita Klarisa akajifungua. Hili sijakusimulia. Ulikuwa kwenye mitihani.

Alikuwa amekunywa vidonge miezi ya mwisho ya mimba kama walivyomwelekeza, na alijua mtoto anatakiwa achomwe sindano ya kwanza mapema, siku ileile ya kuzaliwa, kabla hao virusi hawajamzoea. Saa za uchungu akanipigia mimi, si mama yake. "Mama mdogo, njoo. Mama anatetemeka tu, hawezi kuuliza kitu." Nikaenda. Nikamkuta Spesiyoza kwenye benchi la nje na rozari yake. Tukasalimiana kwa kichwa. Nikapita.

Mtoto alipotoka, msichana, kichwa chote nywele, walimfunga kwenye kitenge wakamweka pembeni. Wadi ilikuwa imejaa, wauguzi wachache wanakimbia huku na huku. Nikamshika mmoja. "Huyu mama yake ana homa ya ini. Sindano yake iko wapi?"

"Inakuja, mama."

"Naingoja hapahapa."

Ikapita muda. Nikamfuata tena. "Mama, nimesema inakuja."

"Na mimi nimesema nangoja. Mimi nimezoea kungoja nikiwa nimesimama, muulize yule pale nje."

Akacheka, lakini akaenda. Wakaleta mbili: chanjo, na ile nyingine ya kumkinga wakati chanjo haijaanza kazi. Wakamchoma paja moja, wakamchoma la pili. Mtoto akalia kwa hasira, amekunja ngumi. Nami nikajikuta nasema kwa sauti, kwa ule ugonjwa, kama unazungumza na mtu: "Umempitia mama mkwe wangu, ukamla Dewo wangu. Hapa huingii." Wauguzi wakanitazama. Mariamu, mara ya kwanza tangu baba yako azikwe, nilihisi nimelipiza. Miaka yote ile nilikuwa nampiga mbebaji, na mbebaji mwenyewe alikuwa amebebeshwa mzigo na mama yake, ambaye naye alibebeshwa. Siku ile niliupiga ugonjwa wenyewe, kwenye paja la mtoto mchanga.

Nilipotoka Spesiyoza alisimama. "Hadija, Mungu akulipe."

Nikamwambia, "Sikufanya kwa ajili yako." Ilikuwa kweli nusu, na sijui ni nusu ipi.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza kusamehe, nakwambia sina. Nimetafuta kwenye kila mfuko. Nilichonacho ni hiki: natamani aishi. Natamani amwone mjukuu wake akienda shule, na kila asubuhi anapomeza kidonge kile akumbuke ni nani aliyemburuta kwenda kupimwa. Hicho ndicho kisasi changu, na afya yake inakinenepesha.

Wewe sikurithishi hicho. Nakuachia mambo niliyoyalipia. Huko uendako utakuta wanaosuka nywele na kunyoa ukingo wake kwa wembe mmoja. Nenda na wako. Utakuta mwenzako anataka kuchorwa mwilini au kutoboa sikio uchochoroni. Kaa pembeni hata wakikucheka. Utakuta mtu anayepunguzwa nguvu na jambo lisilojulikana, na watu wakimnong'ona. Ukae naye, ule naye, kwa sababu ugonjwa huu haupiti kwa sahani wala kwa kukumbatiana, na upweke unaua haraka kuliko ini. Utampenda mtu, inshallah. Kabla ya mahari, kabla ya kitu chochote, mwambie mkapime damu, na yeye akisema humwamini, mwambie mama yako ndivyo alivyokulea. Akiwa nayo, si mwisho wa dunia. Kuna vidonge, na wewe umechanjwa. Akikataa kupima, huyo ndiye wa kumwogopa. Na atakayekuja na chupa ya majani ya kusafisha ini, mfukuze kwa jina langu.

Na watu wakikuuliza baba alikufa na nini, usiseme vidonda vya tumbo. Usishushe sauti. Sema homa ya ini, sema ya aina B, wakikutazama vibaya waeleze.

Kesho shangazi yako atakuja stendi. Ameniarifu kupitia Klarisa, hakuniomba ruhusa, na sikumkatalia. Atakuita Mariya, atakulilia begani, pengine atakupa rozari na kitenge. Vipokee vyote. Mkumbatie kwa nguvu, ni damu ya baba yako, na damu ile sasa anaitunza. Mimi nitakuwa nimesimama upande wa pili wa basi, na usiniite nije.

Lakini ukishapanda, kaa dirisha la upande wangu.

Mama yako,
Hadija